Joan Procter: Mwanamke mgonjwa aliyewajengea nyoka makao ya joto na maji

AUMWAYE na nyoka, walinena wahenga, akiona unyasi hushtuka. Jamii nyingi ulimwenguni zimeishi kwa busara hiyo, na ni nadra kumpata mzazi atakayefurahi kumwona bintiye akiingia sebuleni na nyoka mkononi. Ilhali mjini London, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwapo msichana aliyewafuga nyoka na mijusi jinsi wenzake walivyofuga paka. Jina lake lilikuwa Joan Beauchamp Procter.

Alipofariki mnamo Septemba 20, 1931, alikuwa na umri wa miaka 34 pekee. Katika muda huo mfupi, ambao sehemu yake kubwa aliipitisha akiwa na maumivu, alikuwa amesimamia mkusanyo wa wanyama watambaao katika makavazi makubwa ya taifa lake, akateuliwa kuwa msimamizi wa wanyama hao katika Bustani ya Wanyama ya London, na akabuni jumba lililobadilisha jinsi wanadamu wanavyowatunza nyoka, mamba na kobe waliotolewa makwao na kufungiwa.

Swali lililomshughulisha ni rahisi kuuliza lakini gumu kujibu. Je, mnyama aliyezoea jua la Afrika, au vinamasi vya Amerika Kusini, ataishije nyuma ya kioo katika mji wa baridi na ukungu? Wengi kabla yake waliridhika na jibu kwamba hataishi sana, na kwamba akifa ataletwa mwingine. Procter alilikataa jibu hilo.

Mjusi mezani, mamba darasani

Joan alizaliwa Agosti 5, 1897, jijini London, katika familia iliyojimudu kimaisha. Babake, Joseph Procter, alikuwa mfanyabiashara wa hisa. Dadake mkubwa, Chrystabel, aliipenda bustani na mimea, na baadaye akajipatia sifa katika kazi hiyo. Joan naye moyo wake ulivutwa na viumbe ambao watu wengi huwakimbia.

Akiwa na umri wa miaka 10 tayari alikuwa akiwafuga nyoka na mijusi nyumbani. Alipofika miaka 12 alikuwa na mjusi mmoja mkubwa aliyempenda kuliko wote, naye alikuwa akienda naye huku na huko na hata kumweka kando ya sahani yake wakati wa mlo. Alipotimu miaka 16 alipewa mamba mdogo. Siku moja alimchukua mamba huyo hadi shuleni, katika Shule ya Wasichana ya St Paul's, na kuingia naye katika somo la hisabati. Si vigumu kukisia taharuki iliyozuka.

Visa hivyo vinachekesha, lakini nyuma yake palikuwa na huzuni. Tangu utotoni Joan alisumbuliwa na maradhi sugu ya matumbo. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, akakosa masomo kwa vipindi virefu, na hatimaye ikabainika kwamba afya yake haingemruhusu kujiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge kama ilivyotarajiwa. Kwa msichana mwenye akili pevu, aliyetaka kuwa mwanasayansi katika enzi ambapo milango mingi ilikuwa imefungwa kwa wanawake, pigo hilo lingetosha kumkatisha tamaa.

Penye nia, hata hivyo, pana njia. Akiwa bado mwanafunzi, Joan alikuwa amezoea kumwendea George Albert Boulenger, mtaalamu mashuhuri wa samaki, vyura na wanyama watambaao katika makavazi ya elimu ya viumbe jijini London, ili kumuuliza maswali kuhusu wanyama wake. Mzee huyo, mzaliwa wa Ubelgiji, aliona kwamba maswali ya binti yule hayakuwa ya kitoto. Mnamo 1916 akamwalika awe msaidizi wake.

Hivyo basi, bila shahada ya chuo kikuu, Joan Procter aliingia katika moja ya taasisi kubwa zaidi za sayansi duniani akiwa na umri wa miaka 19. Mwaka uliofuata alikubaliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Zoolojia cha London. Makala yake ya awali, yaliyochapishwa mwaka 1918, yalihusu tofauti za maumbile miongoni mwa nyoka fulani wenye sumu wa Amerika. Boulenger alipostaafu mwaka 1920, mwanamke huyo kijana ndiye aliyeachiwa kazi ya kuwatunza na kuwaainisha wanyama watambaao wa makavazi hayo.

Kobe wa majabali ya Afrika Mashariki

Ni katika kipindi hicho ambapo kazi yake ilifungamana na Afrika Mashariki, ingawa si kwa yeye kuvuka bahari.

Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefika Nairobi mwaka 1914 kusimamia makavazi ya wakati huo, na ambaye baadaye alihudumu Tanganyika kama naibu msimamizi wa wanyamapori, alikuwa mkusanyaji hodari wa viumbe. Miongoni mwa wanyama waliopelekwa London kutokana na juhudi zake ni kobe wa ajabu: mwembamba kama chapati, mwenye gamba laini linalobonyea, na mwepesi wa mbio kuliko kobe wote. Badala ya kujificha ndani ya gamba lake akiona hatari, kobe huyo hukimbilia nyufa za miamba na kujibana humo asiweze kuvutwa.

Mwaka 1922 Procter alichapisha uchunguzi wa kina kuhusu kobe huyo na jinsi gamba la kobe linavyoumbika. Swali lilikuwa zito, kwa sababu kobe bila gamba gumu ni kama ngome bila kuta. Mifupa ya gamba lake ina mianya mikubwa ambayo kwa kobe wengine huonekana tu wanapokuwa wachanga na kisha kuziba. Kwa kobe wa majabali, ule unaodhaniwa kuwa udhaifu ndio unaomwezesha kuingia mahali ambapo adui hawezi kumfuata.

Kobe huyo angalipo katika vilima vya mawe vya Kenya na Tanzania, lakini hali yake si nzuri. Kutokana na kunaswa kwa wingi ili kuuzwa ng'ambo kwa wafugaji wa nyumbani, mwaka 2019 alitangazwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kuangamia, na mwaka huo huo biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti makali zaidi.

Loveridge hakuisahau hisani ya mwenzake wa London. Nyoka mmoja mdogo wa msituni, anayepatikana katika milima ya Uluguru karibu na Morogoro, alipewa jina la kisayansi la kumuenzi Procter mwaka 1922. Leo bado anaitwa Buhoma procterae. Kwa hivyo jina la mwanamke ambaye afya yake ilimzuia hata kwenda Cambridge linaishi chini ya majani yaliyooza ya misitu ya Tanzania.

Kazi isiyo ya wafu pekee

Kazi ya makavazi ilimpa heshima lakini haikumtosheleza. Wanyama aliowashughulikia huko walikuwa wamekufa na kuhifadhiwa katika chupa za kileo. Procter alitaka kuwatunza walio hai.

Nafasi hiyo ilijitokeza mwaka 1923. Edward George Boulenger, mwanawe yule mzee aliyemlea kitaaluma, alihamishiwa kazi ya kuongoza jumba jipya la samaki katika Bustani ya Wanyama ya London. Procter akateuliwa kuchukua mahali pake kama msimamizi wa wanyama watambaao. Alikuwa na miaka 26. Katika jumba la samaki lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1924, yeye ndiye aliyebuni mawe na mandhari ya ndani ya matangi, maadamu alikuwa na kipaji cha uchoraji na uundaji wa vielelezo.

Magazeti ya enzi hizo yalimkimbilia. Habari ya mwanamke kijana aliyeshika chatu na kutibu mamba iliuza nakala nyingi. Wengi walimtazama kama kioja. Walichokosa kuona ni kwamba mwanamke huyo alikuwa akiishughulikia aibu iliyoikabili taasisi yake na nyingine kama hizo kote duniani.

Bustani ya London ilikuwa imefungua jumba la kwanza la umma la wanyama watambaao duniani mwaka 1849. Jumba jingine kubwa zaidi lilifuata mwaka 1883. Hata hivyo, elimu ya kuwatunza wanyama hao ilibaki nyuma. Palipokuwa na joto, aghalabu lilienea sawasawa chumba kizima, bila mnyama kuwa na hiari ya kulisogelea au kulikimbia. Mwanga ulikuwa hafifu. Chatu aliyekaa miezi bila kula alihesabiwa kuwa ni jambo la kawaida, na kifo chake hakikuwashangaza wengi.

Procter aliufahamu mwili wa mnyama mtambaazi kwa namna mbili: kwa kisu cha uchunguzi makavazini, na kwa wale aliowalea nyumbani tangu utotoni. Alijua kwamba nyoka hana tanuri ndani yake kama binadamu au ng'ombe. Joto lake hulipata nje. Akiwa baridi, tumbo lake husimama kufanya kazi na chakula kilichomo huweza kuoza kabla ya kusagwa. Nguvu ya mwili ya kupambana na maradhi nayo hudidimia, na kamasi huziba njia ya pumzi. Akizidiwa na joto asiweze kulikwepa, pia atakufa. Kwa hivyo haitoshi kuwasha moto. Sharti mnyama apewe nafasi ya kuchagua.

Jumba la mwaka 1927

Wazo hilo ndilo lililokuwa msingi wa Jumba la Wanyama Watambaao, ambalo Procter alilibuni kwa ushirikiano na msanifu majengo Edward Guy Dawber. Ujenzi ulianza mwaka 1926 na jumba likafunguliwa mwaka 1927. Lile la zamani la 1883 likageuzwa kuwa makao ya ndege.

Kwanza, joto lilitokana na umeme na liliweza kupangwa kwa viwango tofauti. Mnyama wa jangwani hakulazimika kupata joto sawa na yule wa msitu wa mvua, na ndani ya kizimba kimoja palikuwa na sehemu yenye joto na nyingine yenye ubaridi.

Pili, mwanga uliwekwa upande wa wanyama, huku ukumbi wa wageni ukiachwa na giza kiasi, kama ilivyokuwa katika jumba la samaki. Mgeni alimwona nyoka vizuri, na nyoka naye hakusumbuliwa sana na umati.

Tatu, kilitumika kioo maalumu kinachopitisha mionzi ya urujuanimno ya jua. Kioo cha kawaida huizuia mionzi hiyo. Bila mionzi hiyo, mijusi na kobe wengi hushindwa kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo hawawezi kutumia madini ya kujenga mifupa hata wakilishwa vizuri. Mifupa hulainika, taya hupinda na gamba hulegea. Katika miaka ya 1920 elimu hiyo ilikuwa bado mpya hata kwa matabibu wa watoto wa binadamu. Procter aliitumia kwa mamba na mijusi.

Fauka ya hayo, alitengeneza mwenyewe vielelezo vya mandhari na miamba iliyowekwa ndani, ili kila mnyama apate pa kupanda, pa kujificha na pa kuota joto. Wataalamu wa wakati huo walilihesabu jumba hilo kuwa la hali ya juu kuliko yote ya aina yake duniani.

Somo la maji

Hakuna mnyama anayeidhihirisha hekima ya mbinu hiyo kuliko nyoka wa majini, hasa anakonda wa kijani wa Amerika Kusini.

Huyu ndiye nyoka mzito kuliko wote duniani. Jike huweza kupita urefu wa mita 5 na uzani wake kukaribia kilo 100. Makao yake ni mito ya pole, mabwawa na vinamasi vya mabonde ya Amazon na Orinoco. Macho na pua zake zimekaa juu ya kichwa, kama za mamba na kiboko, ili aweze kuvizia na kuvuta pumzi huku mwili wote ukiwa umezama. Huwinda majini, hujamiiana majini, na huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai.

Kwa mnyama kama huyo, maji ni sehemu ya makao kama ardhi ilivyo kwa ng'ombe. Maji huubeba uzani wake, ambao nchi kavu hulemea mbavu na viungo vya ndani. Maji hulainisha ngozi yake kuukuu anapojivua gamba, lisije likabanduka vipande vipande na kukaza mkiani au machoni. Aidha, ndani ya maji ndimo anamojihisi salama. Anakonda asiye na mahali pa kuzama hukosa utulivu, huwa mkali, na aghalabu hugoma kula.

Hapa ndipo wengi waliojaribu kumfuga hukosea. Humpa beseni. Mtoto wa anakonda hulienea beseni hilo kwa miezi michache, kisha humzidi. Hodhi linalofaa ni lile ambalo mwili wote wa nyoka unaingia na kuzama bila kujikunyata. Hodhi lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha nusu mita hubeba lita 1,000, yaani tani moja ya maji. Sakafu isiyojengwa kwa mzigo huo itapasuka.

Kisha joto la maji. Maji huhamisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Nyoka anayelala katika maji baridi hupozwa upesi kuliko akikaa katika hewa baridi, hata kama taa ya joto inawaka juu yake. Ndiyo sababu maji ya anakonda huwekwa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi. Kuyapasha moto maji ya lile hodhi la lita 1,000 kutoka nyuzi 15 hadi 28 huhitaji takriban uniti 15 za umeme, na gharama hiyo hurudi kila maji yanapobadilishwa. Kifaa cha kupashia joto nacho sharti kikingwe. Nyoka mwenye nguvu kama hizo huweza kukivunja, au akalala juu yake akaungua.

Na maji yatabadilishwa mara kwa mara, kwa kuwa anakonda hujisaidia humo humo anamolala na kunywa. Maji machafu ni chanzo cha maradhi ya ngozi na ya kinywa. Hivyo basi hodhi bila tundu la kutolea maji ni adhabu kwa mtunzaji, na kinachomwadhibu mtunzaji mwishowe humfikia mnyama. Bustani kubwa huongeza mitambo ya kuchuja, lakini hakuna mtambo unaoondoa kabisa haja ya kusafisha.

Walakini kuna upande wa pili. Hata nyoka wa majini huhitaji pakavu. Akilazimika kukaa katika unyevu mchana na usiku bila pahali pa kujikausha na kuota joto, ngozi ya tumboni hutoka malengelenge, na malengelenge huingia viini. Aidha, nyoka wa nchi kavu anayeanza ghafla kujilowesha saa nyingi huenda akawa anasumbuliwa na utitiri chini ya magamba, au amezidiwa na joto. Kwa anakonda dalili hiyo haisaidii, kwa sababu kulala majini ndiyo desturi yake. Mtunzaji atalazimika kumkagua kwa macho na mikono.

Yote hayo ni matawi ya kanuni ile ile ambayo Procter aliijengea jumba mwaka 1927: mnyama apewe joto na ubaridi, mwanga na kivuli, maji na pakavu, kisha aachiwe achague mwenyewe. Mtunzaji hapaswi kukisia. Anapaswa kutazama mnyama amechagua nini.

Rafiki kutoka Komodo

Sifa zake zilifika kilele kutokana na mnyama mwingine kabisa. Kenge wakubwa wa kisiwa cha Komodo, nchini Indonesia ya leo, walikuwa wameelezwa kisayansi mwaka 1912 tu. Wawili waliopelekwa katika bustani moja ya New York mwaka 1926 hawakuishi muda mrefu. Mwaka 1927 London nayo ilipokea wawili, ambao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika Ulaya wakiwa hai.

Watu walitarajia kuona joka la kutisha, linalong'ata na kurarua. Mmoja wao, aliyepewa jina Sumbawa, alikuwa na maradhi ya kinywa. Procter alimtibu mwenyewe, akamzoeza kushikwa, na baada ya muda kenge yule akawa anakula mayai na kuku mkononi mwake.

Mnamo Oktoba 23, 1928, alimpeleka Sumbawa katika mkutano wa wanasayansi wa Chama cha Zoolojia, akamlisha mbele yao huku akieleza tabia zake. Wageni wa bustani nao walizoea kumwona mwanamke mwembamba akitembea njiani na kenge mkubwa kando yake, bila fujo, na hata watoto wakaruhusiwa kumpapasa.

Tukio hilo halikuwa mchezo wa sarakasi. Kenge wa Komodo ni mwindaji anayeweza kumuua binadamu, na Procter alilijua hilo. Alichotaka kuonyesha ni kwamba mnyama mtambaazi ana hisia, ana kumbukumbu na humtambua mtunzaji wake, sembuse kuhisi maumivu. Aliwakanya watu wasichukulie ubaridi wa damu kuwa ubaridi wa nafsi.

Mwili ukakataa, akili isikubali

Wakati huo huo mwili wake ulikuwa ukimsaliti. Maumivu ya matumbo hayakumwacha. Alihamia nyumba iliyo karibu na bustani ili asichoshwe na safari. Aliposhindwa kutembea mwendo mrefu, alitumia kiti cha magurudumu kinachoendeshwa kwa umeme, na juu ya kiti hicho akawa anazunguka bustani nzima kukagua wagonjwa wake. Kenge wake alionekana akimfuata ubavuni.

Ni ajabu iliyoje kwamba aliyewatafutia wengine hali za kuwawezesha kuishi hakupatiwa na elimu ya zama zake hali ya kumwezesha yeye kuishi. Aliendelea kufanya upasuaji kwa nyoka na mamba, kuandika, na kupokea wageni kutoka ng'ambo waliotaka kuiga jumba lake.

Mwaka 1931 Chuo Kikuu cha Chicago, nchini Marekani, kilimtunukia shahada ya heshima ya udaktari wa sayansi. Binti aliyezuiwa na ugonjwa kuingia Cambridge sasa aliitwa daktari. Hakuufurahia wadhifa huo kwa muda mrefu. Mnamo Septemba 20 mwaka huo huo alifariki usingizini nyumbani kwake, karibu na wanyama wake.

Alichokiacha

Sanamu ya kichwa chake, iliyochongwa kwa marumaru, iliwekwa katika jumba alilolibuni. Jumba lenyewe lilipitia mengi. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka Septemba 1939, nyoka wenye sumu wa bustani hiyo waliuawa kwa kuhofiwa kwamba mabomu yangevunja vizimba na kuwaachilia mjini. Jumba lilisalimika, likaorodheshwa kuwa jengo la kihistoria linalolindwa na sheria, na likaendelea kuwapokea wageni kwa takriban miaka 97. Mwaka 2024 wanyama wake walihamishiwa makao mapya, yenye mitambo ambayo Procter hangeweza kuiota.

Hata hivyo, anayeingia leo katika bustani yoyote ya nyoka, iwe ni ile iliyo kando ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi au nyingine ya mbali, anakuta athari za fikira zake: kioo mbele, jiwe la kuota joto pembeni, pango la kujificha nyuma, na maji ya kujilowesha chini.

Hoja yake pia haijazeeka kwa upande wa wanaofuga nyumbani. Nchini Marekani, serikali ilipiga marufuku kuingiza anakonda wa kijani kutoka nje mwaka 2015, baada ya majoka ya aina mbalimbali kutoroka au kuachiliwa na wenyewe katika vinamasi vya Florida. Wengi waliowanunua walivutiwa na mtoto wa nyoka mwenye urefu wa chini ya mita moja. Hawakupiga hesabu ya tani ya maji, uniti za umeme, na miaka zaidi ya 20 ambayo mnyama huyo anaweza kuishi akitunzwa vizuri.

Procter alikuwa amepiga hesabu hiyo mapema. Kwake yeye, anayemfungia mnyama amechukua dhima ya jua, mvua na mto wa mnyama huyo. Asipoweza kuvitoa hivyo, hana haki ya kumfungia. Aliishi miaka 34 tu, mingi ikiwa ya maumivu, na kila siku aliyopata nafuu aliitumia kulipa deni hilo kwa niaba ya viumbe ambao wanadamu wengi hawakuwahi kuwahurumia.